Damu Inaporudi Moyoni



Kila nikizungumzia upandikizaji wa viungo, swali moja halikosi kuja. Kama figo ya ndugu mmoja inaweza kutolewa ikawekwa kwa mwingine pale Dodoma, kwa nini moyo wa mtu aliyefariki kwa ajali usihifadhiwe kwenye friza, ukamsubiri mgonjwa hata wiki nzima? Wanaouliza wanaona mbali, kwa sababu swali hilo ndilo lililowasumbua madaktari wa moyo kwa zaidi ya miaka 60. Jibu lake fupi ni kwamba moyo uliotolewa mwilini na kuwekwa kwenye barafu una muda wa saa 4 hivi, usizidi sana hapo. Figo huvumilia siku nzima na zaidi. Ini huvumilia nusu siku. Moyo hauna uvumilivu huo, na sababu zake ndizo ninazotaka tuzungumze jioni hii, maana zinamgusa hata mgonjwa wa hapa kwetu Kongwa ambaye hatawahi kuhitaji moyo wa mtu mwingine.

Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Ukiwa umekaa tu hapo unasikiliza redio, moyo wako unasukuma lita 5 za damu kila dakika, na hadi kesho wakati kama huu utakuwa umepiga mara 100,000 hivi. Kazi hiyo ina gharama. Nishati yake hutoka kwenye kemikali iitwayo ATP, na ajabu ni kwamba moyo hauweki akiba yake. Kilichopo kinatosha sekunde chache tu. Kwa hiyo moyo hutengeneza ATP, huitumia, huitengeneza tena, mchana na usiku, kiasi cha kilo 6 kwa siku, yaani mara 20 ya uzito wake wenyewe. Viwanda vinavyofanya kazi hiyo ni vijumba vidogo ndani ya kila seli, mitokondria, navyo haviendi bila oksijeni. Oksijeni huletwa na damu. Damu ikikatika, moyo unaishi kwa kuhesabu dakika.

Baridi inasaidia kwa sababu inapunguza ulaji. Joto la kiungo likishuka kwa nyuzi 10, mahitaji yake ya nishati hupungua kwa nusu hivi. Ukiuteremsha moyo kutoka nyuzi 37 hadi nyuzi 4, mahitaji yake yanabaki kama moja ya kumi. Hiyo moja ya kumi ndiyo inayozigeuza dakika ziwe saa. Lakini moja ya kumi bado ni ulaji, na moyo ulio ndani ya sanduku la barafu ni kiungo hai chenye njaa.

Basi tuushushe zaidi, tuugandishe? Hapa muuguzi wa chanjo wa zahanati yoyote ya wilaya hii anaweza kutufundisha. Kabla hajapanga chanjo kwenye deli la kubebea, huzitoa zile chupa bapa za barafu kwenye friza na kuziacha nje mpaka zianze kutoa jasho, azitikise asikie maji yakicheza ndani, ndipo azipange. Anajua kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata kama ukiitazama kwa macho huoni kasoro. Moyo nao uko hivyo. Maji yaliyo ndani ya seli yakiganda, chembe za barafu huzichana seli kutoka ndani. Hata bila kuganda, moyo uliowekwa karibu mno na barafu unaweza kushuka chini ya nyuzi 2, na protini zake zikaumia. Ndiyo maana desturi ya zamani, ya kuuweka moyo ndani ya mifuko mitatu iliyovikwa mmoja juu ya mwingine kisha kuufunika kwa barafu, imeanza kuachwa na hospitali kubwa. Masanduku mapya hushikilia nyuzi 4 hadi 8.

Lakini baridi si kiini cha habari yenyewe. Kiini chake ni jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulidhania: sehemu kubwa ya madhara hutokea pale moyo unaporudishiwa damu.

Nifuatilie polepole. Seli ya moyo ikikosa oksijeni hubadili njia ya kujipatia chakula. Huvunja sukari bila oksijeni, na mabaki ya kazi hiyo ni asidi. Seli inajaa asidi. Pampu zinazotoa sodiamu nje zinakosa nguvu, sodiamu inarundikana ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Wakati huohuo, ndani ya mitokondria kunajikusanya kitu kiitwacho saksineti, ambacho kwa kawaida huunguzwa taratibu kila kinapotengenezwa. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Edward Chouchani na Michael Murphy wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba saksineti hiyo ndiyo kuni zilizokauka zinazosubiri moto.

Moto huo ni oksijeni. Damu inarudi, na daktari amefurahi kwamba moyo umepata ulichokuwa ukikililia. Katika dakika za mwanzo saksineti yote inaunguzwa kwa pupa, na katika pupa hiyo mitokondria hutoa aina kali za oksijeni zinazochoma kila kilicho karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, hata vinasaba. Damu mpya inaosha asidi iliyokuwa nje ya seli kwa ghafla, na tofauti ya asidi kati ya ndani na nje inaivuta sodiamu zaidi kuingia. Sodiamu nyingi inafungulia njia kalsiamu. Sasa kalsiamu ndiyo amri ya msuli kukaza. Katika kila pigo la moyo huingia kidogo, msuli ukakaza, kisha hutolewa, msuli ukalegea. Ikifurika, msuli unakaza usiweze kulegea, hadi nyuzi zake zinajichana zenyewe. Mwishowe tundu kubwa hufunguka kwenye utando wa mitokondria, na seli ambayo dakika chache nyuma ilikuwa hai bado, inakufa ikiwa imezungukwa na damu safi.

Madaktari walianza kuligundua jambo hili mapema. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake huko Marekani, wakichunguza mioyo ya mbwa, waliona kwamba mabadiliko ya kufa kwa msuli yalijitokeza haraka zaidi pale damu iliporudishwa. Mwaka 1986 Jennings huyohuyo, pamoja na Charles Murry na Keith Reimer, walitoa matokeo ambayo hadi leo yananishangaza. Walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua, wakarudia hivyo mara 4, kisha wakaufunga kwa dakika 40. Mtu angetegemea kwamba moyo uliosumbuliwa namna hiyo ungeumia zaidi. Kumbe eneo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mioyo ambayo haikuzoezwa. Moyo una kinga yake ndani, na inaweza kuamshwa.

Ningependa kuwaambia kwamba kutoka hapo dawa ilipatikana na shida ikaisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza na moja la Ujerumani, yalijaribu kuiamsha kinga hiyo kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo kwa kuubana mkono na kuuachia, mara kadhaa, kabla ya upasuaji. Wagonjwa hawakupata nafuu zaidi ya wale ambao mkono wao haukubanwa. Dawa nyingi zilizofanya vizuri kwa panya na nguruwe zimeanguka zilipofika kwa binadamu. Nalisema hili kwa sababu kwenye simu zetu kuna watu wanaouza vidonge na majani ya kuondoa sumu za oksijeni moyoni. Wataalamu wenye maabara kubwa wamehangaika kwa miongo mingi kupata dawa ya namna hiyo. Anayekuuzia ya shilingi 10,000 stendi hana jibu walilolikosa wao.

Kilichofaulu ni kuusimamisha moyo kwa utaratibu kabla haujachoka. Ukiuacha upige wakati hauna damu, utamaliza akiba yake yote ukijitahidi bure. Mwaka 1955 daktari Denis Melrose wa London alionyesha kwamba potasiamu ikimiminwa kwenye mishipa ya moyo, moyo hutulia kimya, na ikioshwa huanza tena. Lakini dawa yake ilikuwa kali mno, ikaharibu misuli ya baadhi ya wagonjwa, na njia hiyo ikaachwa kwa miaka mingi na wapasuaji wengi. Katika miaka ya 1970 David Hearse na Mark Braimbridge wa Hospitali ya St Thomas, London, waliirudia potasiamu ileile kwa kipimo cha chini, wakaichanganya na magnesiamu, wakaipoza. Dawa hiyo na ndugu zake ndizo zinazotumika mpaka leo, kwa moyo unaopasuliwa na kwa moyo unaosafirishwa.

Na hapa ndipo habari inapotufikia. Tanzania haijapandikiza moyo. Lakini kila wiki kuna mioyo inayosimamishwa na kurudishiwa damu Upanga, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na taasisi hiyo ikasimama yenyewe mwaka 2015. Wanaolala mezani ni watoto wenye tundu kwenye moyo na vijana ambao valvu zao zimekakamaa kwa baridi yabisi. Damu ya mgonjwa inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Daktari anaubana mshipa mkuu, aota, kwa koleo. Dawa baridi yenye potasiamu inamiminwa, na moyo wa mtoto wa mtu unasimama. Tangu hapo kuna saa ya ukutani inayohesabiwa kwa sauti. Katika njia nyingi dozi hurudiwa kila baada ya dakika 20 au 30, maana moyo unaanza kupata joto na kuona njaa.

Wazazi wengi niliozungumza nao hudhani hatari ni pale moyo unaposimamishwa. Waulize wapasuaji, watakwambia wanavyoliogopa tukio la kulegeza koleo. Gerald Buckberg wa Los Angeles alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha kwamba damu ya kwanza inayorudi lazima iandaliwe: vuguvugu, kwa shinikizo la chini, yenye kalsiamu iliyopunguzwa na asidi iliyorekebishwa. Kisha moyo unaachwa upige ukiwa mtupu kwa muda, mashine ikiendelea kuubebea mzigo, mpaka uonekane umepata nguvu. Haya hayahitaji mtambo mpya. Yanahitaji mtaalamu wa mashine, mtaalamu wa usingizi na mpasuaji wanaoelewana bila kukimbizana. Dakika 10 za subira hapo zinaweza kuamua kama mtoto atatoka chumba cha uangalizi kwa siku 2 au kwa wiki 2.

Jambo hilohilo humpata mtu ambaye mshipa wake wa moyo umeziba ghafla, kifua kikambana kama kinavunjika. Akifikishwa penye chumba cha kuzibua mishipa, mshipa unafunguliwa, na moyo wake unapata damu na madhara ya kurudi kwa damu kwa mpigo mmoja. Usisikie hivyo ukaogopa kuzibuliwa. Kubaki umeziba ni kubaya kuliko vyote. Kadiri moyo ulivyokaa muda mfupi bila damu ndivyo kuni zile za saksineti zinavyokuwa chache. Kwa hiyo dakika anazopoteza mgonjwa akisubiri maumivu yapoe kwa tangawizi anazilipa mara mbili.

Nirudi kwenye moyo wa kupandikiza. Upandikizaji wa kwanza wa moyo kati ya binadamu na binadamu ulifanyika hapahapa Afrika, tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Christiaan Barnard aliuchukua moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari, akauweka kwa Louis Washkansky. Vyumba viwili vya upasuaji vilikuwa vimepakana, hivyo moyo ulisafiri hatua chache tu, ukiwa umepozwa. Mbinu ya upasuaji ilitokana na kazi ya Norman Shumway na Richard Lower wa Stanford, waliokuwa wameshapandikiza mioyo ya mbwa kwa kuihifadhi kwenye maji chumvi ya nyuzi 4. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, maana dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo zilimwacha bila kinga. Lakini moyo wenyewe ulikubali kupiga.

Tangu hapo ulimwengu umefanya kazi ya kuirefusha ile safari. Stig Steen wa Lund, Sweden, alitengeneza sanduku ambamo moyo ukiwa umesimama na umepoa unapitishiwa taratibu maji yenye oksijeni na virutubisho, kwa hiyo haukai na njaa kabisa. Mwaka 2014 Hospitali ya St Vincent's, Sydney, iliipandikiza mioyo iliyokuwa imeshaacha kupiga kifuani mwa wafadhili, baada ya kuiamsha kwenye mashine ya joto na kuiona ikipiga mezani. Na mwaka 2024 madaktari wa Paris walieleza jinsi walivyoutoa moyo kwenye visiwa vya Kifaransa vya Karibi, wakapanda nao ndege ya abiria ya kawaida, wakavuka Atlantiki, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, na moyo uliokaa nje ya mwili karibu saa 12 ukaanza kazi vizuri kwa mgonjwa wake. Kwa barafu peke yake hilo lisingethubutiwa.

Unaposikia hayo ni rahisi kusema basi nasi tununue sanduku. Kabla ya hapo nikumbushe kitu kimoja cha hapa Kongwa. Vijiji vya wilaya hii viliifundisha dunia kuhusu trakoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto wa hapa walionawishwa uso mara kwa mara, juu ya kupewa dawa, walipungukiwa na trakoma kali, na leo kunawa uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima dhidi ya upofu huo. Moyo nao una mlango wake wa mwanzo. Valvu nyingi zinazobadilishwa Upanga ziliharibiwa miaka ya nyuma na mafindofindo yaliyotokana na bakteria, yakaachwa bila penisilini, yakazaa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaingia moyoni. Mtoto aliyekwishaugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na anayeikatisha anajirudisha kwenye hatari ileile. Zahanati ya kijiji inaweza kufanya hivyo. Moyo usiolazimika kusimamishwa umelindwa kuliko wowote.

Sasa tupige hesabu ya swali la mwanzo. Tuseme siku moja kuna moyo Dodoma na mgonjwa yuko Dar es Salaam. Koleo linabanwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, moyo unaoshwa kwa dawa baridi, unafungwa na kupelekwa uwanjani. Ndege ni kama saa 1. Kutoka uwanjani hadi Upanga, ukiwa na polisi mbele ya kukufungulia njia, nusu saa. Kuushona, saa 1 hivi. Hata ukiongeza ucheleweshaji wa hapa na pale, barafu na saa 4 vinatosha. Umbali wa nchi yetu, kwa safari kama hiyo, hautushindi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kinachotukwamisha ni kukosa mashine za kisasa.

Kinachokosekana kiko mwanzoni na mwishoni mwa safari. Mwanzoni tunahitaji vyumba vya uangalizi maalumu vyenye wauguzi wa kutosha kumtunza mtu ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukipiga. Tunahitaji sheria inayosema wazi nani anathibitisha kifo hicho na kwa vipimo gani, na watu waliofunzwa kuketi na familia, wakazungumza na baba mkubwa na shangazi bila haraka, wakati msiba ni wa dakika zilezile. Mwishoni tunahitaji maabara ya kulinganisha damu na tishu usiku wa manane, madaktari wanaojua kuutuliza moyo unaporudishiwa damu, na dawa za kuzuia kukataliwa ambazo hazitakosekana dukani hata mwezi mmoja, kwa maisha yote ya mgonjwa.

Sehemu ya hayo tumeianza. Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Benjamin Mkapa ikafuata mwaka 2018 pamoja na Wajapani wa Tokushukai. Figo hizo hutoka kwa ndugu aliye hai. Huoshwa kwa maji baridi, hupelekwa kwa mgonjwa anayesubiri karibu, na damu inaporudi daktari huitazama ikibadilika kutoka rangi ya kijivu kuwa ya waridi, na mara nyingi mkojo huanza kutoka palepale mezani. Kila timu inayofanya hivyo inajifunza kanuni ileile ya moyo kwenye kiungo chenye kusamehe zaidi. Na kila mgonjwa wa figo anayepata dawa zake mwaka baada ya mwaka anatuonyesha kama mfumo wetu wa dawa unaweza kubeba mgonjwa wa moyo.

Ningeulizwa fedha ianze wapi, ningesema ianze kwa wauguzi wa uangalizi maalumu wa Dodoma na Dar es Salaam, kisha maabara ya tishu, kisha dawa za wagonjwa wa figo waliopo tayari. Sanduku la Lund ningeliweka mwisho wa orodha, na lingefika siku ambayo kuna watu wa kulifungua.